Ukuta wa Utumbo na Neno "Mshikamano": Istilahi za Seli katika Kueleza Kichocho cha Tumbo Mkoani Mara

Utangulizi

Suala la istilahi za sayansi katika Kiswahili limejadiliwa kwa muda mrefu, na mara nyingi mjadala huo umejikita katika swali moja: je, neno la kigeni litoholewe, au litafutiwe mbadala kutoka katika hazina ya Kibantu? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Istilahi haipimwi kwa asili yake tu. Hupimwa pia kwa kazi inayoifanya katika fikra za mtu anayeisikia. Je, inamwonyesha jinsi jambo linavyotendeka, au inampa jina tu la kukariri?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo la pili kwa mfano uliochaguliwa kwa sababu ya ugumu wake, yaani mwenendo wa molekuli zinazozishikanisha seli wakati utumbo unapopatwa na mchochota. Mazingira yake ni Musoma, Bunda na Butiama katika Mkoa wa Mara, ambako kichocho cha tumbo kimezoeleka kiasi kwamba elimu juu ya ugonjwa huo si anasa ya maabara.

Hoja inayotetewa ni kwamba neno mshikamano, ambalo ndilo linalomjia mfasiri kwanza, halitoshi peke yake. Katika mchochota wa utumbo kuna kushikana kwa namna mbili, na namna hizo huenda kinyume: moja hulegea na nyingine huzidi. Istilahi isiyozitenganisha humpoteza msikilizaji. Kiswahili kina nyenzo za kisarufi za kuzitenganisha, ila bado nyenzo hizo hazijatumiwa ipasavyo.

Ziwa na jina la ugonjwa

Mji wa Musoma umejengwa juu ya rasi inayoingia katika Ziwa Victoria, na kaskazini yake Mto Mara humwaga maji katika ghuba yenye jina hilohilo. Upande wa kusini, Bunda inapakana na Ghuba ya Speke, na kutoka Kisorya kivuko huwavusha watu kwenda Ukerewe. Kijiji cha Butiama kiko mbali kidogo na ufuko, lakini maisha ya wilaya hizi yamefungamana na ziwa kwa uvuvi, biashara na maji ya matumizi ya nyumbani. Mialoni watu huingia majini kusukuma mitumbwi, kufua, kuoga na kuchota maji. Majini humo, hasa penye majani, huishi konokono wa jenasi ya Biomphalaria, ambao huachia lava wadogo wasioonekana kwa macho. Lava hao hupenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu.

Minyoo ya kichocho iligunduliwa na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851. Baadaye ilibainika kwamba katika Afrika spishi mbili ndizo zinazowasumbua watu zaidi. Ya kwanza huishi katika mishipa inayozunguka kibofu na dalili yake mashuhuri ni damu katika mkojo. Ya pili, ambayo mwaka 1907 ilipewa jina la Patrick Manson, huishi katika mishipa ya damu ya utumbo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni makao makuu ya spishi hii ya pili.

Hapa ndipo tatizo la kwanza la kiisimu linapojitokeza. Katika matumizi ya kawaida, neno kichocho limeshikamanishwa na damu ya mkojo. Mtu wa mwaloni anayeumwa tumbo, anayeharisha au kuona damu katika choo kikubwa, anaweza kuamini kwamba hana kichocho kwa kuwa mkojo wake ni safi. Waelimishaji wa afya wamelitatua tatizo hilo kwa kuongeza kifafanuzi, nao husema kichocho cha tumbo. Suluhisho hilo ni jema, lakini limezaa tatizo la pili. Maneno minyoo na tumbo yakitajwa pamoja, msikilizaji hufikiria mchango, yaani minyoo inayokaa katika njia ya chakula na kutoka kwa choo. Minyoo ya kichocho haikai huko. Inakaa ndani ya damu, nyuma ya ukuta wa utumbo, na kinachopaswa kuuvuka ukuta huo ni mayai yake. Ili ugonjwa huu ueleweke, sharti kwanza ueleweke ukuta.

Namna mbili za kushikana

Uso wa ndani wa utumbo umefunikwa na tabaka moja tu la seli zilizopangwa bega kwa bega. Tabaka hilo hujifanya upya kila baada ya siku chache, na bado halivuji, kwa sababu kila seli imeshikwa na jirani zake. Miongoni mwa molekuli zinazofanya kazi hiyo zimo kadherini. Kadherini iliyojitokeza katika seli moja hushikana na kadherini ya seli ya pili kwa msaada wa kalisi. Hakuna mshikaji na mshikwaji katika uhusiano huo, maana pande zote mbili hutoa mkono wa aina moja. Hii ndiyo namna ya kwanza ya kushikana: ni ya majirani, ya kudumu na ya usawa.

Namna ya pili hutokea ndani ya mishipa ya damu. Katika hali ya afya, utando wa ndani wa mshipa ni laini, na chembechembe nyeupe za damu hupita bila kusimama. Kunapotokea jeraha au uvamizi, seli za jirani hutoa ishara za kemikali na utando huo hubadilika. Kwanza huchomoza molekuli zinazoitwa selektini. Aina moja yake huwa imehifadhiwa tayari, nayo hutokeza katika dakika chache. Nyingine huhitaji saa kadhaa kwa kuwa ni lazima itengenezwe upya. Selektini hushika kwa wepesi na kuachia kwa wepesi, hivyo chembe nyeupe hupunguza mwendo na kuanza kubiringika ukutani.

Ikiwa hapo pana ishara nyingine za kemikali, molekuli za chembe nyeupe zinazoitwa integrini hubadili umbo. Zilizokuwa zimejikunja hunyooka na kukamata molekuli za ukutani zinazojulikana kwa vifupisho ICAM-1 na VCAM-1. Hapo chembe husimama kabisa, kisha hujipenyeza katikati ya seli za mshipa na kuingia katika nyama ya utumbo. Mishipa ya utumbo ina hata alama yake maalumu, iitwayo MAdCAM-1, ambayo huwa kama anwani: chembe zenye integrini inayoitambua ndizo zinazoelekea huko.

Umuhimu wa hatua hizi huonekana pale zinapokosekana. Wapo watoto wachache wanaozaliwa wakiwa na kasoro ya integrini. Damu yao huwa imejaa chembe nyeupe, lakini chembe hizo haziwezi kutoka mshipani. Watoto hao huandamwa na maambukizi mazito, na vidonda vyao havitungi usaha. Hatari iko pia upande wa pili. Katika magonjwa ya mchochota wa muda mrefu wa utumbo, chembe nyeupe humiminika bila kukoma, na vitu zinavyovitoa huchangia kulegeza miunganiko ya tabaka la juu la seli, hata likaanza kuvuja. Kwa sababu hiyo zimebuniwa dawa za kuizuia namna ya pili ya kushikana. Natalizumab, iliyozuia integrini kwa upana, iliondolewa sokoni mwaka 2005 baada ya baadhi ya wagonjwa kupata maambukizi ya ubongo, kisha ikarejeshwa mwaka 2006 kwa masharti makali. Vedolizumab, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2014, huilenga integrini inayotambua anwani ya utumbo.

Kwa muhtasari, mchochota wa utumbo ni hali ambayo seli zilizopaswa kushikana huachana, na seli zilizopaswa kupita njia hunasa. Mtu akiambiwa tu kwamba "mshikamano wa seli umebadilika", atakuwa hajaambiwa lolote.

Yai ukutani

Kichocho cha tumbo huonyesha jambo hili kwa uwazi. Mnyoo jike hutaga mayai yanayoweza kufikia 300 kwa siku. Kila yai lina urefu unaozidi sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani takriban mara kumi ya upana wa chembe nyeupe. Yai halina miguu wala mkia. Lisipotoka mshipani, likapenya ukuta na kufika katika njia ya chakula, kizazi cha mnyoo hukoma hapo.

Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mayai huweza kunata kwenye seli za utando wa mshipa. Juu ya mayai hayo kuna sukari zinazokaribiana kwa umbo na zile zinazotambuliwa na selektini. Kemikali zinazovuja kutoka kwenye yai huita chembe nyeupe, hasa zile ziitwazo eosinofili, nazo hulizunguka yai na kufanya kinundu. Inaelekea kwamba msukumo wa chembe hizo ndio unaolisaidia yai kuvuka. Ushahidi mmoja ulitoka upande wa pili wa ziwa hilihili, mjini Kisumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 miongoni mwa waosha magari wanaofanya kazi majini ulionyesha kwamba wenye kichocho ambao kinga yao ilikuwa imepunguzwa na virusi vya UKIMWI walitoa mayai machache kuliko ilivyotarajiwa kwa wingi wa minyoo waliyokuwa nayo. Kwa maneno mengine, mnyoo huutumia ulinzi wa mwenyeji wake kama ngazi.

Mayai mengi, hata hivyo, hayafiki. Mengine hubaki katika ukuta wa utumbo, na mengine huchukuliwa na damu hadi katika ini. Huko vinundu hugeuka makovu, njia ya damu huziba polepole, na baada ya miaka mingi mgonjwa huweza kuvimba tumbo na kutapika damu. Dawa ya prazikwanteli, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa kiasi cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa. Haiyaondoi mara moja mayai yaliyokwisha kunasa, wala haimkingi mtu anayerudi majini. Mgonjwa ambaye hakuelezwa hayo, akiumwa tena wiki moja baada ya kumeza vidonge, huhitimisha kwamba dawa ni hafifu. Safari ijayo wagawaji dawa wakifika shuleni au mwaloni, hujificha. Kasoro ya maelezo imekwisha kuwa kasoro ya tiba.

Jina la tukio: uvimbe, inflamesheni au mchochota?

Nchini Tanzania biolojia ya sekondari imefundishwa kwa Kiingereza. Hivyo muuguzi hujifunza mambo haya kwa lugha moja na kuyaeleza kwa nyingine, na kila siku hulazimika kuwa mfasiri bila ya kuandaliwa kwa kazi hiyo. Neno lililo karibu naye ni uvimbe. Tatizo ni kwamba neno hilo hutaja pia fundo la nyama linaloota mwilini, kama katika uvimbe wa kizazi. Mama wa Bunda akiambiwa kuwa ana uvimbe kwenye utumbo, atakayotarajia ni kisu cha upasuaji au saratani. Ameambiwa neno la Kiswahili sanifu, naye ameelewa jambo jingine kabisa.

Inflamesheni haina hatari hiyo, kwa kuwa haimwambii chochote. Utohozi una heshima yake: seli, molekuli na virusi yamekwisha kuwa maneno ya Kiswahili, na hakuna haja ya kuyang'oa. Lakini hayo ni majina ya vitu. Mchochota ni tukio, na tukio huhitaji neno ambalo msemaji anaweza kulijengea sentensi. Neno mchochota, ambalo limekuwa likitumika katika maandishi ya tiba, lina faida ya kuingia katika ngeli iliyozoeleka na kukubali vifafanuzi kwa urahisi, kama katika mchochota wa utumbo au mchochota wa ini. Dosari yake ni ndogo, nayo ni ya sauti tu: msikilizaji aweza kulichanganya na kichocho. Dosari hiyo hurekebishika kwa kulitumia neno pamoja na maelezo, si kwa kulitupa.

Nyenzo za sarufi: -at-, -am- na -an-

Utajiri wa Kiswahili katika suala hili hauko katika nomino bali katika vitenzi. Lugha za Kibantu zimerithi viambishi vya mnyambuliko vinavyohusu hasa kugusana na kukaa. Kauli ya kutendata, yenye kiambishi -at-, huonekana katika kamata, fumbata, ambata na pakata. Vitenzi hivyo vyote vina maana ya kitu kimoja kukutana na kingine na kukishika. Kauli ya kutendama, yenye -am-, huonekana katika inama, kwama na gandama, na maana yake ni kuingia katika hali na kubaki humo. Kauli hizi mbili hazizalishi tena maneno kwa uhuru. Msemaji wa leo hawezi kuzipachika kwenye kila mzizi. Kauli ya kutendana, yenye -an-, ingali hai na huonyesha kwamba tendo linakwenda pande zote mbili.

Kwa mtazamo huo, shikamana na ambatana si visawe. Shikamana ina shik-, -am- na -an-: kushika, kubaki katika hali hiyo, na kufanyiana. Hiyo ndiyo kazi ya kadherini. Ambatana ina amb-, -at- na -an-: kugusa na kunata, bila ya kiambishi cha kudumu. Matumizi ya kiofisi yanathibitisha tofauti hiyo. Kiambatisho huweza kutolewa na barua ikabaki barua, lakini matofali yaliyoshikamana hayatenganishwi bila ya kuubomoa ukuta. Chembe nyeupe huambatana na mshipa kwa muda, kisha huendelea na safari.

Kutokana na uchambuzi huo, yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, jina la jumla la kundi zima liwe molekuli shikanishi, ambamo mna kutendana na kusababisha. Molekuli za mshiko lingekuwa fupi zaidi, lakini mitaani mshiko umekwisha kuwa fedha. Pili, mshikamano ubakizwe kwa seli jirani za tabaka la utumbo. Tatu, mwambatano utumike kwa chembe nyeupe au yai na ukuta wa mshipa, na hatua zake zitajwe kwa vitenzi vya kawaida: kugusa, kubiringika, kunata, kusimama, kupenya. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivyo kinachohitaji kamusi.

Maelezo kwa mgonjwa mzee yangeweza basi kuwa hivi: "Mzee, minyoo hii haikai kwenye njia ya chakula, inakaa ndani ya mishipa ya damu. Mayai yake hunata kwenye ukuta wa mshipa. Askari wa mwili wako huja kuyazunguka, na wakizidi kuwa wengi, seli za utumbo zilizoshikamana huanza kuachana. Ndiyo maana unaumwa na kuona damu. Dawa itaua minyoo. Mayai yaliyonasa yatachukua muda kwisha, kwa hiyo usishtuke maumivu yakichelewa." Maelezo hayo hayana istilahi ngumu, lakini hayangeweza kutungwa na mtu asiyetenganisha kunata na kushikamana.

Viambishi hivyo si vya Kiswahili peke yake. Kijita, Kizanaki na Kikuria ni lugha za Kibantu, na wasemaji wake hukutana na -an- ya kutendana wakiwa wameizoea tangu utotoni. Kwa msemaji wa Kijaluo, ambacho si cha Kibantu, msaada huo wa umbo haupo, na kwake mfano wa ukuta na tofali utafaa zaidi kuliko uchambuzi wa neno.

Fundisho kutoka Butiama

Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ni vyema kukumbuka kwamba alikuwa pia mfasiri. Tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi aliichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Bepari lilikuwa neno la asili ya Kihindi lenye maana ya mfanyabiashara, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lilikuwa limebeba mashtaka mazito. Jina moja likawa tafsiri na hukumu kwa pamoja.

Mshikamano nao una historia. Nchini Tanzania neno hilo husikika pamoja na umoja na amani, na halina sura mbaya. Msikilizaji akiambiwa kwamba ugonjwa wake unatokana na mshikamano uliozidi, ama atacheka, ama atadhani kwamba msemaji amekosea. Sayansi ya seli inasema kwamba kushikana si kwema wala si kubaya kwa kwenyewe. Kinachohukumu ni nani ameshikana na nani, mahali gani, na kwa muda gani. Mwanaistilahi asiyeupima uzito wa kijamii wa neno ameifanya nusu ya kazi yake.

Hitimisho

Kiswahili kimeonyesha tangu zamani kwamba kinaweza kuieleza sayansi. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi iliyobaki si ya kuongeza orodha za majina tu. Ni ya kuchunguza, kwa kila tukio la kisayansi, vitenzi vilivyokwisha kuwamo katika lugha na mpaka wa maana ya kila kimoja. Kazi hiyo humhitaji mwanaisimu akae pamoja na mwanabiolojia na muuguzi, na rasimu yao isomwe mwaloni kabla ya kuingizwa kamusini. Mvuvi wa Kisorya au Musoma akisikia kwamba mayai yamenata na seli zimeachana, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini lazima anywe dawa na kwa nini ajihadhari na maji yenye majani, hapo istilahi itakuwa imefaulu mtihani wake.